Nyumba za kale zikibomolewa, msamiati wake nao huzikwa

Mjadala kuhusu maendeleo na uhifadhi wa majengo ya kale nchini umekuwa ukiendeshwa kana kwamba ni mzozo wa wahandisi na mawakili. Huyu anataka ghorofa, yule anataka gofu libaki lilivyo. Wapenzi wa Kiswahili tumekaa kando tukitazama, ilhali katika miji ya pwani kila ukuta unaoangushwa huondoka na sehemu ya lugha hii tunayojivunia. Katika makala haya nitaitazama historia ya juhudi za wenyeji wa Lamu na Mombasa za kuhifadhi nyumba zao: zilifaulu wapi, zilikwama wapi, na kwa nini jambo hili linatuhusu hata sisi ambao hatuna nyumba Mkomani wala Kibokoni.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu, hasa zile zilizojengwa katika karne ya 18, ilikuwa na mpangilio ambao kila hatua yake ina jina. Mgeni akifika alipokewa katika daka, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye baraza za mawe pande mbili. Akiruhusiwa kuingia alipita tekani, kisha akatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu ili hewa na mwanga vipite. Mbele ya kiwanda palikuwa na msana wa tini na msana wa yuu, vyumba virefu vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia. Nyuma yake ndipo palipokuwa na ndani, mahali pa wanawake wa nyumba, na nyuma zaidi nyumba kati, ambamo mtoto alizaliwa na maiti ikaoshwa. Mgeni wa kiume angelazwa katika sabule, mbali na familia. Na kama jirani alikuwa jamaa, nyumba mbili ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila kukanyaga barabara.

Hebu ona basi. Ukimwambia mtoto wa Lamu wa zamani kwamba fulani kaishia dakani, alijua papo hapo huyo mtu ana uhusiano gani na nyumba ile. Neno lilibeba ramani ya ujamaa na heshima. Hata neno baraza, ambalo leo twalitumia kwa mikutano ya chifu na kwa Baraza la Mawaziri, ni lile lile la kikalio cha mawe mlangoni ambapo wazee huketi jioni wakizungumzia mambo ya mtaa. Anayeishi katika nyumba isiyo na baraza bado anaweza kulitumia neno hilo, lakini haoni tena kwa nini mkutano uitwe hivyo.

Vifaa vya ujenzi navyo vina lugha yake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukikaribia nusu mita. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na wakata mikoko waliipanga miti hiyo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliiuza kwa korija, yaani miti 20 kwa hesabu moja. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikivuka mita 3 hivi, vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Msanifu wa leo anayedhani wazee wetu hawakujua kujenga ukumbi mpana angefaa kuwauliza mafundi wa mikoko kwanza.

Kisha kuna zidaka. Ninapofundisha utenzi wa Al-Inkishafi, kazi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hapa ndipo darasa huzima. Wanafunzi wengi wanakijua kidaka cha mnazi, kile kinachotangulia kitale na dafu. Wengine hufikiria kudaka mpira. Wachache mno wanajua kwamba zidaka ni safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa ukutani, mahali ambapo matajiri wa Pate na Lamu walipanga sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Utenzi huo unatazama majumba ya Pate baada ya fahari yake kwisha. Mahali pa sahani pamekuwa viota vya ndege, na katika kumbi wanaishi popo. Mwanafunzi asiyejua zidaka ni nini anausoma utenzi huo kama mtu anayetazama picha gizani. Anaambiwa kuna msiba, lakini hauoni.

Sayyid Abdalla alikuwa akizungumzia ubatili wa dunia na akhera inayomsubiri mwanadamu. Hata hivyo, alituachia pia kumbukumbu ya namna mji unavyokufa. Pate haikubomolewa kwa tingatinga. Iliishiwa na biashara, watu wakahama, nyumba zikakosa wa kuzitunza. Ukuta wa matumbawe unahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara. Ukiachwa, mvua hupenya na boriti huoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na nadhani waliosema hivyo waliishi katika nyumba za aina hii hii.

Juhudi za kuinusuru Lamu isifuate njia ya Pate zilianza kupata sura rasmi miaka ya 1970. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK) yalifungua makumbusho mjini humo, na mwanahistoria James de Vere Allen akawa msimamizi wake wa kwanza. Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraq aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka wa 1975 uchunguzi wake kuhusu Lamu kama mji wa Waswahili. Mwaka wa 1984 Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na ambayo wakoloni na kisha serikali huru waliitumia kama gereza, ilikabidhiwa Makavazi. Wafungwa wakaondolewa, na jengo lililokuwa likiogopwa likawa la jamii. Mnamo 1986 ukatolewa mpango wa uhifadhi ulioandaliwa chini ya Francesco Siravo, na mji ukatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi inayolindwa na sheria. Mwaka wa 2001 UNESCO ikauweka Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Turathi za Dunia.

Ukisoma orodha hiyo ya tarehe waweza kudhani uhifadhi wa Lamu ni kazi ya wageni na serikali. Hiyo ni nusu ya habari. Mpango wa 1986 ungebaki karatasini kama wenye nyumba wasingeukubali. Uliwezekana kwa sababu ya mambo mawili. Kwanza, mafundi walikuwapo bado: wachoma chokaa, waashi wa matumbawe, wachonga milango. Uchongaji wa Lamu ni mrithi wa watu kama Muhamadi Kijuma, aliyefariki katikati ya miaka ya 1940, ambaye mkono ule ule uliochonga milango ndio ulionakili miswada ya tenzi tunazozisoma vyuoni leo. Pili, kuanzia 1991 mji ulikuwa na tume yake ya mipango, na afisa wa uhifadhi alifanya kazi pamoja na baraza la mji. Mwenye nyumba aliyetaka kuongeza chumba alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza, na pa kubishana pia. Uhifadhi wenye mlango wa kubisha hodi ni tofauti kabisa na uhifadhi wa kutumiwa barua ya amri kutoka Nairobi.

Mtihani mkubwa ulikuja na bandari. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET, na gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa Mei 2021. Kando ya bandari kulipangwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 katika eneo la Kwasasi. UNESCO ilieleza wasiwasi wake mara kadhaa. Lakini waliokwenda mahakamani ni wenyeji: wavuvi, wakulima na wanaharakati, wengi wao chini ya mwavuli wa Save Lamu. Walihoji kwamba moshi na majivu ya makaa yangedhuru watu, bahari na pia kuta za matumbawe za mji wenyewe.

Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ulikuwa umekiuka haki za wakazi, ikiwemo haki yao ya utamaduni, na kuamuru wavuvi walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Juni 26, 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) likafuta leseni ya kiwanda cha makaa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Maamuzi hayo mawili yana uzito kuliko tunavyoyachukulia. Sheria zetu za majengo ya kale zilizoea kutazama nyumba moja moja: hii isiguswe, ile irekebishwe. Wenyeji wa Lamu waliieleza mahakama kwamba mji ni maisha. Mvuvi akifukuzwa baharini hana pesa za chokaa, na nyumba aliyorithi itaanguka hata kama hakuna aliyeigusa.

Mombasa ina kisa kingine. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, ilikuwa gereza kwa miongo sita kabla ya kugeuzwa makumbusho mwaka wa 1960, na tangu 2011 ni Turathi ya Dunia. Nyuma yake umelala Mji wa Kale wenye msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa 1570, barabara ya Ndia Kuu, na nyumba zenye roshani za mbao ambamo Mswahili, Mwarabu na Mhindi walichanganya ufundi wao. Mji huo ulitangazwa eneo la uhifadhi mnamo 1990, nao ukatengenezewa mpango kama wa Lamu. Hata hivyo, pita leo Kibokoni au Kuze uone. Palipokuwa na nyumba ya ghorofa moja yenye roshani, pameota jengo refu la matofali ya saruji na vioo, mlango wa chuma, bila baraza. Jirani yake wa kale amebaki kama mzee aliyesimama katikati ya vijana wa mpira wa vikapu.

Kwa nini sheria ile ile iwe na meno Lamu na iwe kibogoyo Mombasa? Sababu ya kwanza ni thamani ya ardhi. Mombasa ni jiji, na kiwanja kilicho mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji kina bei inayomtoa mtu jasho. Nyumba ya familia mbili ikigeuzwa ya familia kumi na mbili, mwenyewe halali njaa tena.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa majukumu. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliipa serikali ya kitaifa jukumu la majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, huku mipango na ustawi wa miji ikiwa kazi ya kaunti. Kwa maneno mengine, anayeidhinisha ramani ya jengo jipya si yule anayelinda jengo la zamani. Mwenye kiwanja akipata mhuri wa upande mmoja huanza kuchimba msingi. Upande wa pili ukipata habari, ukuta wa kale umeshakuwa kifusi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu kushtaki, lakini faini hairudishi zidaka.

Sababu ya tatu ni mirathi, na hii hatuizungumzii vya kutosha. Mtu akifa akiacha nyumba moja na warithi kumi na wanne, kila mmoja ana fungu lake kisheria. Mmoja yuko Muscat, mwingine London, wawili hawasemezani. Hakuna anayekubali kutoa pesa za kurekebisha paa la wote. Njia rahisi ni kuuza, kila mtu achukue chake. Wazee waliliona tatizo hili zamani, ndiyo maana waliweka wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Faida yake huenda msikitini, kwa maskini au kwa kizazi cha mwenye kuiweka. Ni mfumo wa uhifadhi uliotangulia UNESCO kwa karne nyingi. Udhaifu wake ni kwamba huzuia kuuza bila kuleta fedha za ukarabati, na kodi ndogo za wapangaji wa miaka na mikaka hazitoshi hata kununua boriti.

Nakubali kwamba upande wa pili una hoja. Mwenye nyumba ya kale anaweza kuniuliza, tena kwa haki, "Profesa, wewe unaishi katika nyumba ya vigae na maji ya bomba, mbona mimi unataka niishi makumbusho?" Chokaa na boriti ni ghali kuliko zamani. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa, na marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa 2018 iliwabana hata wakata mikoko wa Lamu. Saruji inapatikana dukani kona ya barabara. Mtu hali turathi. Anayetaka mwenye nyumba abebe gharama ya fahari ya taifa zima bila kusaidiwa anamdhulumu.

Lakini saruji yenyewe si suluhu kama inavyodhaniwa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuruhusu upumue. Ukiupaka saruji unyevu hufungiwa ndani. Baada ya misimu michache lipu hubambuka, na mwenye nyumba hulaumu uzee wa ukuta badala ya dawa aliyoupa. Watu wengi wamefikia uamuzi wa kubomoa baada ya ugonjwa ulioletwa na ukarabati mbaya. Fundi wa zamani angewaeleza hivyo kwa sentensi moja.

Kinachoitisha pia ni mauzo ya kimyakimya. Lamu na Shela zina nyumba nyingi zilizonunuliwa na wageni kutoka Ulaya, ambao mara nyingi wamezikarabati kwa ustadi na kuwapa mafundi kazi. Mawe yamepona. Ila ndani imekuwa chumba cha wageni wa hoteli, na nyumba kati imewekewa bomba la mvua. Familia iliyokuwa ikiyatumia majina hayo kila siku imehamia pembezoni mwa mji. Hapo jengo limehifadhiwa na lugha imefukuzwa. Mtaalamu wa majengo ataiandika nyumba hiyo katika hesabu ya ushindi, na sisi wa lugha tutaiandika katika hesabu ya hasara. Pande zote mbili zitakuwa zimesema kweli.

Jirani zetu wametuonyesha gharama ya kuchelewa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na hadhi ya UNESCO tangu 2000, lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu ilipokuwa ikikarabatiwa. Hadhi ya kimataifa haishiki boriti iliyooza.

Nairobi nako, mbali na bahari, kuna mfano wa kutia moyo. Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia, ilikuwa imechakaa hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliposhirikiana na kaunti kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Funzo ninalolipata hapo ni dogo na lenye manufaa. Walianza kwa kuwauliza wakazi wanataka maktaba iwafanyie nini. Jengo la mkoloni likawa na wenyewe wapya, na jengo lenye wenyewe halibomolewi ovyo.

Tufanye nini basi? Kaunti za Lamu na Mombasa zinaweza kupitisha kanuni kwamba ramani yoyote ndani ya eneo la uhifadhi isiidhinishwe bila saini ya ofisi ya uhifadhi, mihuri miwili katika karatasi moja. Zinaweza pia kumsamehe ada za ardhi mwenye kuitunza nyumba ya kale, maana kumtoza sawa na mwenye ghorofa ya kupangisha ni kumsukuma abomoe. Vyuo vya kiufundi vya pwani vifundishe chokaa na matumbawe kama vinavyofundisha saruji na nondo, ili kijana apate cheti na ajira kwa ufundi wa babu yake.

Na sisi wa Kiswahili tuna kazi yetu, ambayo hakuna mhandisi atakayetufanyia. Majina ya sehemu za nyumba, ya miti, ya vifaa vya fundi na ya hatua za kunakshi lipu yamo vichwani mwa wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka. Mengi yamo katika Kiamu na Kimvita na hayajaingia katika kamusi zinazotumika shuleni, au yameingia kwa maelezo ya mstari mmoja yasiyomsaidia mwalimu wa fasihi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Amfuate fundi mmoja, aandike kila neno analolitaja kuanzia msingi hadi sakafu ya juu, apige picha kila kitu kinachoitwa kwa neno hilo, na arekodi sauti yake. Kazi hiyo haihitaji kibali cha kaunti wala idhini ya UNESCO. Idara zetu zinaweza kuianza muhula huu, kabla nyumba nyingine hazijauzwa.